Mashine Isiyolala Ukunda

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, yapata saa nne kasorobo usiku, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulikaa gizani. Katika pwani ya kusini, pande za Ukunda, Diani na Msambweni, mwenye jenereta aliiwasha na asiyekuwa nayo alitafuta tochi ya simu. Na popote palipokuwa na seva ya nyumbani, juu ya kabati au chini ya ngazi, mwenyewe alianza kupiga hesabu: betri imebakiza saa ngapi, na diski iliandika nini mara ya mwisho?

Kwa sadfa, tarehe hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa mfumo unaoendesha nyingi ya seva hizo. Tarehe 25 Agosti 1991, miaka 32 kamili kabla ya giza lile, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba anaandika mfumo wa kuendeshea kompyuta kwa kujifurahisha tu. Mfumo huo ndio Linux, ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android, ndani ya ruta nyingi zilizotundikwa ukutani, na tangu Novemba 2017 ndiyo inayoendesha kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani. Mtu wa Msambweni anayesema hajawahi kuigusa Linux huenda anasema hivyo akiwa ameishika mkononi.

Neno seva linatisha bure. Seva ni kompyuta kama nyingine, ila haimtumikii mtu aliyekaa mbele yake. Inatumikia kompyuta na simu zilizo mbali nayo, saa yoyote zitakapoita, na kwa sababu hiyo haizimwi. Inaweza kutunza picha, hesabu za nyumba za kupangisha wageni, rekodi za kamera za ulinzi, au programu ambayo kijana anaijenga ili siku moja aiuze. Mashine ya kuanzia mara nyingi ni laptopu kuukuu iliyoletwa kutoka ng'ambo, kioo kimepasuka, kibodi imekosa herufi mbili tatu. Sokoni haina bei. Kwa kazi hii ni hazina, kwani hula stima kidogo, na betri yake, hata ikiwa imechoka, huishikilia kwa dakika kadhaa umeme unapokatika.

Wengine hununua Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyoanza kuuzwa Uingereza Februari 2012. Hiyo hula wati tano hivi. Ikiwashwa mwezi mzima hutumia uniti 3.6, na uniti moja ikihesabiwa shilingi 30, hiyo ni tokeni ya shilingi 108. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 80 ingedai zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi huohuo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya seva ya nyumbani kuwa jambo la mtu wa kawaida.

Lakini kwa nini mtu ajisumbue, wakati kampuni kubwa za ng'ambo zinakodisha nafasi kwenye mashine zao? Swali hili Kenya imelijibu mara mbili katika mambo makubwa zaidi ya chumba cha mtu. Hadi mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kampuni nyingine ya Nairobi ilipanda kwa setilaiti hadi Marekani au Ulaya ndipo ikarudi. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni hizo zilifungua kituo cha kubadilishana data, kijulikanacho kama KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti akakifunga kituo baada ya wiki mbili hivi. Kilifunguliwa tena Februari 2002, na tangu hapo barua ya jirani imekuwa ikifika kwa jirani bila kuvuka bahari.

Mara ya pili ilikuwa M-Pesa. Huduma ilianza Machi 2007, lakini hadi Aprili 2015 mashine zilizofanya hesabu zake zilikuwa Ujerumani. Mama muuza viazi karai wa Ukunda alipopokea shilingi 50 kutoka kwa mteja aliyesimama mbele yake, hesabu ya shilingi hizo ilifanyika Ulaya. Mashine zililetwa Kenya, na safari hiyo ikaisha.

Njia ya kwenda huko ng'ambo yenyewe ni nyembamba. Nyaya za chini ya bahari zinaingilia Mombasa, upande wa pili wa kivuko cha Likoni: TEAMS na SEACOM za mwaka 2009, EASSy ya 2010, na nyingine zilizofuata. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja huko kusini kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo, picha zilizohifadhiwa Ulaya hazifunguki Diani. Zilizo kwenye kabati zinafunguka kama kawaida, maana kutoka kabatini hadi sebuleni hakuna bahari.

Kuna pia hesabu ya kasi. Chukua mpiga picha wa arusi aliyerekodi siku tatu za shughuli Tiwi na kurudi na video za gigabaiti 60. Kuzipandisha hadi hifadhi ya ng'ambo kwa laini ya kutuma megabiti tano kwa sekunde kunachukua karibu saa 27, ikiwa laini haikukatika hata mara moja na bando halikwisha. Kuzihamisha kwenye seva ya nyumbani kwa waya wa kawaida wa mtandao, wa gigabiti moja, ni dakika nane hivi, diski ikiweza kuandika kwa kasi hiyo. Bibi arusi akitaka nakala, anakuja na diski yake.

Basi shida iko wapi? Iko kwenye stima kwanza. Umeme wa pwani ya kusini huja kwa laini ya kilovolti 132 kutoka Rabai hadi kituo cha Galu, karibu na Diani, kisha unasambazwa kwa nyaya ndogo zinazopita katikati ya miti. Diani nyaya hizo zinapita katika makazi ya mbega, na mbega hawajui tofauti ya waya na tawi. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wavuke bila kugongwa na magari, na hukata matawi yanayogusa nyaya ili wasife kwa kupigwa na umeme. Tawi linalomuua mbega ndilo hilohilo linalozima mtaa.

Stima kukatika si jambo baya zaidi kwa mashine. Baya zaidi ni namna inavyoondoka na namna inavyorudi. Inaporudi huja na msukosuko, volti zikipanda na kushuka kabla ya kutulia kwenye 240, na ndiyo maana nyumba nyingi zina kile kidude cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Seva inakihitaji kuliko friji. Waya wa ardhi nao ni tatizo la mahali penyewe: mwamba wa matumbawe na mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fundi anayechomeka chuma kifupi ardhini na kuondoka hajamaliza kazi.

Stima inapoondoka, madhara yake hayaonekani kwa macho. Kompyuta haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Hukusanya maandishi kwenye kumbukumbu ya muda, kisha huyaandika kwa mkupuo, kwa sababu diski huandika polepole kuliko kumbukumbu. Linux kwa kawaida huweza kushikilia maandishi hayo hadi sekunde 30. Stima ikikatika katikati, yaliyo kwenye kumbukumbu yanapotea, na yaliyokuwa yakiandikwa yanabaki nusu.

Dawa yake ataielewa mwenye duka yeyote. Anapouza kwa haraka huandika kwanza kwenye daftari la pembeni: sukari kilo mbili, fulani, deni. Jioni ndipo anapohamishia kwenye daftari kubwa. Akiitwa ghafla kabla ya kumaliza, kesho yake analisoma lile la pembeni na kuendelea alipoachia. Mifumo ya kuhifadhi faili ya Linux, kama ext4, hufanya hivyohivyo. Huandika kwanza mabadiliko inayokusudia kufanya kwenye mpangilio wa faili, ndipo huyafanya. Stima ikirudi, mashine inasoma daftari la pembeni na kujirekebisha. Hifadhidata kama PostgreSQL ina daftari lake lingine juu ya hilo. Kadi ndogo ya memori, ile inayowekwa kwenye Raspberry Pi kwa sababu ni rahisi, haina uaminifu huo. Ndani yake kuna kijiprosesa kinachohamisha data kimyakimya ili kuzuia sehemu moja isichakae, na kikikatwa katikati ya uhamisho kinaweza kupoteza hata faili ambazo hakuna aliyezigusa. Ndiyo maana wanaodumu na kazi hii hawakawii kuhamia kwenye diski ya SSD.

Kisha wananunua betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi, hutumiwa nusu tu ili isife mapema, yaani 600. Raspberry Pi na ruta kwa pamoja hula kama wati 15. Zigawanye: saa 40, pungufu kidogo kwa kinachopotea njiani. Giza la Agosti 2023 lingepita bila mashine hiyo kujua.

Chumvi haina hesabu nzuri kama hizo. Upepo wa kusi unaivuta kutoka baharini hadi ndani ya nyumba, chumvi inavuta unyevu, na unyevu unakula viungo vya shaba mpaka vigeuke kijani. Feni ya kompyuta huwa pampu ya kuingiza hewa hiyo ndani. Kwa hiyo mashine zisizo na feni, zenye bamba kubwa la kupozea, huishi zaidi karibu na ufuo. Sisimizi nao hupenda joto la adapta. Na adapta ikifa Msambweni, pengine mbadala wake haupatikani hadi Mombasa, kilomita 50 hivi na kivuko.

Tuseme mashine iko salama, ina betri, haina kutu. Sasa mwenyewe yuko Nairobi na anataka kuifikia. Hapo anakutana na ukuta ambao watu wengi hawajui kuwa upo.

Kila kompyuta kwenye intaneti inahitaji anwani, na anwani za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia. Kampuni za simu zimepata njia: wateja wengi wanachangia anwani moja. Aliyekulia Kwale anaujua mpango huo. Kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la shule. Ukiandika barua kwenda kwa ndugu yako Tanga, inafika, na jibu likija na jina lako mwalimu anakuletea. Lakini barua ya mgeni asiyekujua, iliyoandikwa namba ya sanduku peke yake, itamfikia nani? Seva ya nyumbani iko katika hali hiyo. Inaweza kuita nje. Haiwezi kuitwa. Hata Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, huwapa wateja wake wa kawaida anwani ya zamani ya kuchangia, ingawa huwapa pia anwani za mfumo mpya.

Wajenzi wa programu huliona hili kwa uchungu zaidi wanapofika kwenye malipo. Safaricom ina mlango wa programu uitwao Daraja, uliofunguliwa 2017, ambao huwezesha tovuti kumwomba mteja alipe kwa M-Pesa. Mteja akibonyeza namba yake ya siri, jibu la kama amelipa au la hupelekwa kwenye anwani ambayo mjenzi ameitaja, na anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje. Kijana wa Ukunda anayejaribu programu yake kwenye laptopu chumbani hana anwani ya namna hiyo. Pesa imetoka, ujumbe umeingia kwenye simu ya mteja, na programu bado inasema hajalipa. Anaweza kukesha akitafuta kosa kwenye mistari yake, na mistari haina kosa lolote. Akitoka hapo atagundua kwamba namba ya simu inatakiwa kuanza na 254, wakati mteja ameandika sifuri saba kama alivyozoea tangu apate simu. Hayo mawili peke yake yamekula usiku mwingi wa vijana wa nchi hii.

Njia ya kutoka ni kugeuza mwelekeo. Mtu hukodi mashine ndogo mahali penye anwani ya hadharani, na seva ya nyumbani ndiyo inayoipigia kwanza, kisha haikati simu. Wageni wanabisha kwenye mashine ya kukodi, nayo inawapitisha ndani ya ile laini iliyo wazi. WireGuard, programu inayopendwa kwa kazi hii, iliingizwa ndani ya kiini cha Linux mwaka 2020. Ni nyepesi, ina usimbaji imara wa siri, na kwa pwani ya kusini ina mtego mmoja unaohusu saa.

Raspberry Pi za miaka ya mwanzo hazina saa inayoendelea kutembea zikiwa zimezimwa, na ile ya tano ya mwaka 2023 inayo lakini inataka betri yake ndogo inayonunuliwa kando. Mashine isiyo na saa huandika wakati kwenye diski mara mojamoja tu, na ikiamka huanzia pale ilipoandika mwisho. Betri ikiisha na mashine ikalala saa tano, huamka ikiwa nyuma kwa saa tano au zaidi, mpaka iulize wakati kwenye intaneti. Sasa WireGuard, ili kuzuia mtu asirudie ujumbe wa zamani aliouiba njiani, hukataa salamu yenye wakati ulio nyuma ya salamu iliyotangulia. Mashine ya Ukunda inaamka, inapiga hodi ikiwa na wakati wa jana jioni, na inakataliwa. Ikiwa mwenyewe aliamuru mawasiliano yote yapite kwenye laini hiyo, basi hata swali la kuuliza wakati halitoki. Saa inangoja mlango, mlango unangoja saa. Mwenyewe yuko Nairobi, na haoni chochote isipokuwa ukimya. Tiba ni kuruhusu swali la wakati lipite nje ya laini, au kuweka kisaa cha betri ya kitufe, ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na nauli ya kurudi pwani.

Saa ina mitego mingine inayomhusu Mswahili hasa. Kazi za kujirudia kwenye Linux, kama kunakili faili kila usiku, hupangwa kwa programu iitwayo cron, na cron huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mswahili huhesabu kuanzia machweo na macheo. Anayefikiri "saa mbili usiku" akaandika 2, kazi yake itafanyika saa nane za usiku. Aliyetaka saa mbili usiku alipaswa kuandika 20. Na Kenya yenyewe haikuwa na saa moja siku zote. Katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na Linux, jina Africa/Nairobi linaonyesha kwamba tangu 1937 hadi katikati ya 1942 saa za hapa zilitangulia zile za Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, wala si saa tatu kamili kama leo. Programu ya kusajili wazee, ikitunza tarehe ya kuzaliwa kana kwamba ni wakati kamili wa saa na dakika, inaweza kumrudisha mzee wa Vanga siku moja nyuma kwa ajili ya robo saa hiyo. Fundi mwenye busara huhifadhi tarehe ya kuzaliwa kama tarehe tu.

Kinachowaumiza wajenzi wa programu kila siku, hata hivyo, ni bando. Vifaa vya kisasa vya kutengenezea programu vilitungwa na watu ambao intaneti kwao haipimwi kwa megabaiti. Mradi mdogo wa tovuti huvuta mamia ya vifurushi vya watu wengine. Ukiufuta na kuanza upya, vinaweza kuvutwa upya. Udhaifu wa mtindo huo ulionekana Machi 2016, pale mtu mmoja alipoondoa kifurushi chake cha mistari 11, kiitwacho left-pad, na miradi chungu nzima duniani ikakataa kujengeka. Aliyekuwa na nakala nyumbani hakuathirika. Hapo seva inageuka ghala: kompyuta ya kwanza nyumbani ikivuta sasisho la Debian au Ubuntu, seva inabaki na nakala, na kompyuta ya pili na ya tatu zinachukua humohumo. Bando linalipwa mara moja.

Masasisho yenyewe yanachosha, na kishawishi cha kuyaacha ni kikubwa pale kila gigabaiti ina bei. Kisa cha Machi 2024 kinatosha kumfanya mtu afikiri tena. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Alifuatilia nusu sekunde hiyo na kukuta mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya xz, programu ya kubana faili inayotumiwa na Linux karibu zote. Aliyeupandikiza alikuwa amejipatia imani ya mwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili ya kusaidia kazi. Tatizo lilinaswa kabla halijaenea kwenye mashine nyingi, kwa sababu mistari ya programu huria iko wazi na mtu aliweza kuisoma. Kwa anayekaa Diani, ambako nusu sekunde ya kuchelewa ni jambo la kila dakika, sasisho ndilo macho yake.

Neno huria hapa lina uzito. Programu huria ni ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Ubuntu, aina ya Linux iliyotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na timu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilichukua jina lake kwenye lugha za kusini mwa bara, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa: ndani yake limo utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kupigia hesabu zenye menyu za Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa. Inasikitisha kwamba miaka zaidi ya 20 baadaye kijana wa Kinango anayeanza kujifunza Linux bado anakutana na ujumbe wa makosa kwa Kiingereza peke yake, naye anapaswa kujifunza lugha mbili kwa pamoja, ya mashine na ya waliotangulia.

Faida ya seva iliyo karibu inaonekana wazi zaidi nje ya nyumba za watu. Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, katika mpango wa AMPATH unaounganisha Chuo Kikuu cha Moi na washirika kutoka Indiana. Kutokana nao ulijengwa KenyaEMR, ambao umewekwa kwenye mamia ya vituo vya afya nchini, mara nyingi kwenye seva ndogo ya Ubuntu ndani ya kituo chenyewe, ili muuguzi aweze kufungua rekodi ya mgonjwa hata siku intaneti imelala. Shuleni, programu ya Kolibri hufanya jambo linalofanana kwa masomo, na Kiwix hubeba Wikipedia nzima: ile ya Kiingereza pamoja na picha zake ni kama gigabaiti 100, na ile ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 80,000, huchukua nafasi ndogo sana. Darasa la Shimoni likiwa na Raspberry Pi moja na ruta moja, wanafunzi wote wanasoma bila bando.

Anayetunza mashine nyumbani naye hujifunza kutoiamini nyumba moja. Wizi, mvua ya Mei kupitia paa, au kiberiti cha mtoto vinaweza kumaliza kila kitu, betri ikiwa nzima. Kwa hiyo nakala moja hukaa Diani na nyingine kwa shangazi Msambweni, kwenye kiboksi kidogo ambacho shangazi ameambiwa jambo moja tu kukihusu: asikichomoe achaji simu. Programu ya rsync hulinganisha pande mbili na kutuma kilichobadilika peke yake. Siku ya kawaida ni megabaiti 300, dakika nane kwa laini ya megabiti tano. Imepangwa saa nane za usiku, bando la usiku likiwa na bei nafuu, na kwenye faili la cron imeandikwa 2.